Mti wa Asili, Asili ya Wapi? Matunda ya Kwetu Kutoka Tambarare ya Kahe Hadi Vihamba vya Marangu

Mtu akiniambia anataka kupanda miti ya matunda ya asili, humuuliza kwanza kama shamba lake liko mlimani au tambarare. Wengi hushangaa. Wanadhani mti ukishaitwa wa asili basi umeizoea nchi nzima, na kazi iliyobaki ni kuchimba shimo na kungoja mvua. Miche mingi inafia hapo. Hakuna mti wa matunda ulio wa asili ya Tanzania yote. Mbuyu uko kwao Kahe, lakini ukiupeleka Marangu ni mgeni sawa na parachichi, tena parachichi litastawi huko na mbuyu utadumaa.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kahe na Arusha Chini ziko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 au 600. Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 900. Ukipanda hadi Marangu umeshavuka mita 1,300, na juu ya vihamba vya mwisho, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, kwenye ukanda wa msitu wa upande wa kusini wa Kilimanjaro, mvua inapita milimita 2,000. Safari yote hiyo kwa gari haifiki saa mbili. Upande wa Mlima Meru mambo ni hayo hayo: Mbuguni na Kikwe ni nyika yenye joto, Nkoaranga na Akeri ni migomba na ubaridi, na Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, iko katikati. Kwa hiyo mtu wa Mbuguni na mtu wa Nkoaranga, wa wilaya moja, hawawezi kupewa orodha moja ya miche.

Sasa ingia kwenye kihamba chochote uangalie matunda yaliyomo. Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki. Parachichi lilitoka Meksiko na Amerika ya Kati. Embe na fenesi ni za India na jirani zake. Pera, papai na stafeli ni za Amerika. Hata kahawa iliyotujengea shule na nyumba za bati, kwao ni Ethiopia. Sisemi hivi kuwabeza wageni hao. Bila mgomba hakuna mtori, hakuna kiburu, hakuna pombe ya mbege, na mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu uliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye orodha ya urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011 ukiwa na migomba yake. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuita "ya asili" kila kitu tulichokikuta kwa babu, na mazoea hayo yametufanya tusiione miti ambayo kweli ni ya hapa.

Kwa sababu ipo, na mingine inatupa kivuli kila siku. Chukua mringaringa. Kila Mchaga anaujua: mbao nzuri, kivuli cha kahawa, maua meupe yanayojaa nyuki. Ni mti wa Afrika, unaoota kuanzia mita 500 na kitu hadi zaidi ya 2,000, kwa hiyo unafaa karibu mteremko wote. Lakini muulize kijana wa leo kama matunda yake yanaliwa, atakataa. Yanaliwa. Ni vitunda vidogo vya mviringo ambavyo vikiiva huwa vya njano, na ndani vina nyama tamu inayoteleza na kunata kwenye vidole. Unafyonza, unatema kokwa. Si tunda la kupeleka sokoni, maana nyama yenyewe ni kidogo, lakini kwa mtoto anayetoka shule na njaa ni chakula cha bure. Tumeuhifadhi mti kwa ajili ya mbao tukasahau tunda.

Mwingine wa mlimani ni mzambarau wa mwitu. Hapa watu huchanganya, na si kosa lao. Mzambarau mkubwa uliopandwa kwenye mitaa na viwanja vya shule ulitoka Asia. Ndugu yake wa kwetu ni ule ambao wanasayansi huuita Syzygium guineense, unaoota kandokando ya mito na ndani ya msitu wa Kilimanjaro wenyewe. Matunda yake ni ya zambarau iliyokolea, mbegu moja, nyama nyembamba yenye maji. Huharibika upesi, kwa hiyo huliwa siku ile ile. Na hapo hapo kuna fundo kubwa la kwanza kwa anayetaka kuupanda: mbegu yake haikaushwi. Ukiianika juani kama mahindi ukisubiri vuli, unapanda kitu kilichokufa. Inatakiwa itoke kwenye tunda, ioshwe, iingie kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche, siku hiyo au kesho yake.

Fundo hili linastahili kuelezwa vizuri kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Mbegu za miti ziko za aina mbili kubwa. Kuna zinazovumilia kukauka, zinazoweza kukaa kwenye kopo miezi au miaka zikiwa hai. Mbegu za mbuyu na mkwaju ni za kundi hili. Na kuna zile ambazo uhai wake uko kwenye unyevu, ukiondoka unyevu umeondoka uhai. Za mzambarau wa mwitu ni hizo, na nyingi za miti ya misitu yenye mvua zinafanana nazo. Ukilijua hili unajua pia kwa nini hupaswi kununua mbegu kavu za mzambarau wa mwitu kwa mtu yeyote, hata akizifunga vizuri namna gani.

Mbegu kavu nazo zina ukaidi wake. Ganda la mbegu ya mbuyu au ya mkwaju halipitishi maji. Porini linalainishwa na tumbo la tembo au nyani, au na miaka ya jua na mvua. Kwenye kitalu kazi hiyo unaifanya wewe: sugua mbegu upande mmoja kwa msasa au jiwe la kunolea mpaka uone rangi ya ndani ikianza kuonekana, kisha loweka kwenye maji ya kawaida usiku kucha. Zile zilizovimba asubuhi zimekubali. Zilizobaki ndogo na ngumu, zisugue tena. Wapo wanaotumia maji ya moto, na inawezekana, lakini mkono usio na uzoefu huzipika.

Tushuke sasa tambarare, kwa sababu utajiri wa matunda ya asili wa mikoa hii miwili, Kilimanjaro na Arusha, uko huko zaidi kuliko mlimani. Mbuyu kwanza. Utauona ukielekea Same na Hedaru, utauona Tarangire, utauona bonde la Ziwa Eyasi. Kadiri unavyokaribia mita 1,500 unapungua hadi kupotea. Unataka joto, udongo usiotuama maji, na miezi ya ukame ili upumzike bila majani.

Tunda lake huwa na ganda gumu lenye manyoya mafupi laini. Ukilipasua juu ya jiwe, ndani unakuta vipande vyeupe vikavu vinavyovunjika kama chaki, kila kimoja kimefunika mbegu, na nyuzi nyekundu zimepita katikati. Huo ndio ubuyu wenyewe, kabla haujatiwa kitu. Hauhitaji kukaushwa kwa sababu umekauka ukiwa mtini, na hilo ni jambo kubwa kwa familia isiyo na friji: chakula kinachojihifadhi chenyewe. Kwa uzito ule ule, ubuyu una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na una madini ya kalsiamu pia. Umoja wa Ulaya uliruhusu uuzwe huko kama chakula kipya mwaka 2008. Kwetu si kipya hata kidogo. Wahadzabe wa Eyasi wamekuwa wakiutwanga pamoja na mbegu zake, wakapata unga wenye mafuta ndani yake, wakauchanganya na maji wakala, tangu kabla ya mtu yeyote kuandika habari za nchi hii.

Ubuyu wa pakiti, ule mwekundu wenye sukari unaouzwa kila duka, ni jambo jingine. Ni peremende nzuri, watoto wanaupenda, lakini sukari na rangi vimeingia, na kama umechemshwa kwenye sharubati basi vitamini C nyingi imeshaondoka. Ukitaka faida yake, weka ubuyu mweupe kwenye maji ya uvuguvugu, subiri saa moja, fikicha kwa mkono mpaka mbegu zitakate, chuja. Maji hayo mazito ndiyo unayoyatia kwenye uji, uji ukiwa umeshaepuliwa na kupoa kiasi. Ukiyatia jikoni yakachemka, umebakiwa na uchachu tu. Ukiyatia kwenye maziwa yatakata, na wapo wanaotaka hivyo hivyo kwa sababu yanakuwa kama mtindi. Vitamini C hiyo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye nafaka na mboga za majani, ndiyo maana bakuli la uji wa ulezi lenye ubuyu ni chakula cha maana kwa mama mjamzito, kuliko soda ya rangi anayonunuliwa kwa nia njema. Majani machanga ya mbuyu nayo ni mboga.

Sasa upandaji. Mche wa mbuyu una hila moja: majani yake ya mwanzo ni jani moja moja la kawaida, wala hayafanani na yale ya mti mkubwa yenye umbo la vidole vya mkono. Watu wengi wamepalilia mbuyu wakidhani ni magugu. Weka kijiti pembeni, waambie vijana wa shamba. Halafu zungushia miiba, kwa sababu mbuzi wanaupenda. Mbuyu uliotokana na mbegu unaweza kuchukua miaka 10, 15, hata zaidi ya 20 kabla ya kuzaa. Mbuyu wa kubebesha, yaani mche uliofungwa kikonyo (kitawi kidogo) kutoka kwenye mti unaozaa tayari, unaweza kuzaa ndani ya miaka michache. Kubebesha mbuyu kunafanyika kwa namna ile ile inayotumika kwenye embe na parachichi, kwa hiyo fundi wa miche ya parachichi pale Moshi au Tengeru anaiweza kazi hiyo. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwagiza.

Maua ya mbuyu hufunguka jioni, makubwa, meupe, yananing'inia, na wanaoyachavusha hasa ni popo walao matunda. Tena mbuyu hauridhiki na chavua yake wenyewe. Unataka ya mbuyu mwingine. Hapa unapata jibu la ile mibuyu mikubwa inayosimama peke yake katikati ya makazi, yenye maua kila mwaka lakini matunda ya kuhesabu. Wazee huiita midume. Kwa kweli ua la mbuyu lina sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike. Kinachokosekana mara nyingi ni jirani, au popo, ambao tunawafukuza kwa moto na kelele tukiwaogopa bure.

Mti ulio na dume na jike wa kweli ni mng'ong'o. Huu upo kwenye nyika za Arusha na Manyara, na Tanzania ina bahati ya kipekee kwa sababu nususpishi zake zote 3, yaani aina ndogo ndani ya spishi hiyo moja, zinapatikana ndani ya mipaka yetu. Tunda ni la ukubwa wa plamu ndogo, linaanguka likiwa bado kijani na kuivia chini hadi kuwa la njano, lenye harufu kali nzuri. Nyama yake inafyonzwa, inatengenezwa juisi, na kusini mwa Afrika inachachushwa pombe. Hazina kubwa zaidi iko ndani ya kokwa: vijimbegu laini ambavyo zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta, na protini yake ni nyingi. Kuvitoa kunahitaji jiwe na subira. Hutafunwa hivyo hivyo au hutwangwa kwenye mboga, kama tunavyofanya kwa karanga.

Lakini ukipanda mbegu 10 za mng'ong'o, tegemea karibu nusu yake kuwa midume isiyozaa kabisa, na hutaijua mpaka ichanue. Ikichanua angalia kwa karibu: maua dume hukaa mengi kwenye kichala kirefu kinachoning'inia, maua jike ni machache, karibu na ncha ya tawi, na ndani yake utaona kitunda kichanga kimeanza. Mtu asiyejua hili hukata kila mti usiozaa, kisha anashangaa majike nayo yameacha kuzaa, kwa sababu hakubakiza dume hata moja eneo zima. Njia ya mkato ni kuacha mbegu. Chukua tawi nene, la unene wa mkono na urefu wa mita mbili hivi, kutoka kwenye mti jike unaojua unazaa vizuri, ulikate kabla mvua hazijaanza, ulizike sehemu ya chini ardhini kama nguzo ya uzio. Huchipua. Na kilichotoka kwenye jike ni jike.

Mkwaju hauna mambo mengi. Wengi husema ni wa India kwa sababu Wahindi wanautumia sana jikoni. Ni mti wa nyika za Afrika uliovushwa bahari zamani. Unavumilia ukame, unataka jua, unachelewa kuzaa, na ukibebeshwa unawahi. Matumizi yake msomaji unayajua: juisi, uji wa ugonjwa pale hamu ya kula inapokata, mchuzi wa samaki, chachandu. Sahihisho moja tu. Uchachu wa ukwaju unatokana na asidi ya tartariki, vitamini C yake ni kidogo. Kwa hiyo ukwaju unaweza kuchemshwa bila hasara kubwa, na ubuyu hauwezi. Hata hivyo usitarajie ukwaju ufanye kazi ya ubuyu kwenye lishe ya mtoto.

Vichaka vya nyika tusivipite bila kuvitaja. Mtandamboo, ambao Wamaasai huuita olamuriaki na kutia mizizi yake kwenye supu ya nyama, hutoa vitunda vyeusi vitamu na una miiba mikali. Kwa mtu wa Monduli au Kikatiti anayetaka uzio unaolisha, sijui mmea bora kuliko huo. Mjunju, wenye matunda ya njano yenye nyama tamchungu kama tende iliyokosa sukari, husimama kijani wakati kila kitu kimekauka. Mtundakula una matunda ya rangi ya machungwa, machachu ya kutia mate mdomoni, na una tabia ya ajabu: mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mimea mingine ikanyonya humo, ingawa majani yake nayo yanajitengenezea chakula. Ukiutenga kwenye shimo safi lisilo na mmea wowote jirani, unadhoofika. Uache na majani yanayouzunguka.

Huwa naulizwa pia kuhusu mkusu, na watu waliosoma au kufanya kazi Tabora au Songea wakauonja huko. Makusu ni matamu sana, sibishani. Lakini mkusu ni mti wa misitu ya miombo, wa udongo wenye tindikali kidogo, na mizizi yake inaishi kwa kushirikiana na kuvu maalumu waliomo kwenye udongo huo. Udongo wetu wa volkano haujauzoea. Mbegu zake hufa upesi, na nao una dume na jike. Ukiuleta Moshi umejitwisha mafundo yote matatu kwa pamoja. Ule makusu ukienda huko.

Anayetaka kuanza asianzie kwenye kitalu cha barabarani, ambako atakuta parachichi za kubebesha kwa mamia na mng'ong'o hakuna. Aanzie kwa wazee wa tambarare ya eneo lake, awaulize mti upi unazaa kila mwaka na upi matunda yake ni matamu, maana mibuyu miwili iliyosimama hatua mia moja inaweza kupishana sana kwa utamu. Hapo ndipo atapata vikonyo. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, nao huuza mbegu za miti, na ni vizuri kuuliza mbegu zilikusanywa wapi kabla ya kulipa. Matunda yoyote ya porini usiyoyajua, usiyaonje mpaka mtu anayeyala akuoneshe. Mtonga, kwa mfano, nyama yake inaliwa lakini mbegu zake hutemwa, hazitafunwi.

Mbegu za kuotesha usizichukue chini ya mti mmoja. Zikusanye kwenye miti minne, mitano au zaidi, iliyo mbalimbali kidogo, kwa sababu miche ya mama mmoja ni ndugu, na kwa mti kama mbuyu undugu huo unaweza kukunyima matunda. Kwa sababu hiyo hiyo usipande mbuyu mmoja au mng'ong'o mmoja. Kama eneo ni dogo, zungumza na jirani: wewe weka mmoja, yeye aweke mmoja upande wa pili wa mpaka, na kwa mng'ong'o mkubaliane nani atabaki na dume. Viriba vijazwe mapema, miche ikomazwe kitaluni, na iingie ardhini mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, ili ipate mvua ndefu kabla ya kiangazi chake cha kwanza.